Shajara ya mradi: Kuvisha nguzo nyuzi za kaboni, Isamilo, Mwanza

2 Juni 2025. Nyumba yenyewe

Nyumba iko mteremkoni Isamilo, ghorofa mbili zilizobebwa na nguzo kumi na mbili za zege. Kazi yetu ni kuzizungushia nguzo hizo kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichogundishwa kwa epoksi, ili zisikatike nyumba ikisukumwa na tetemeko. Kama nyumba nyingi za vilima vya hapa, imeufuata mwamba. Upande wa barabarani nguzo sita zina urefu wa mita 3.6, na chini yake pameachwa wazi kwa maegesho na banda la chipsi. Nyuma slabu imelikaribia jiwe, hivyo nguzo sita zilizobaki zina mita 1.2 tu. Zote ni milimita 300 kwa 300, nondo nne za milimita 16, ringi (vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo) za milimita 6 zilizoachana kwa milimita 250.

Kila anayekuja kuangalia anazionea huruma zile ndefu, eti ni nyembamba. Mimi hofu yangu iko kwa fupi. Nyumba ikisukumwa upande, slabu inazisogeza nguzo zote kwa kiasi kilekile, na ile inayokataa kupinda ndiyo inayobeba mzigo. Ukakamavu wa nguzo dhidi ya msukumo wa upande unapungua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake: 3.6 gawa kwa 1.2 ni 3, na 3 kwa kipeo cha tatu ni 27. Kila nguzo fupi inajivutia nguvu mara 27 ya ile ndefu, na imesukwa kwa nondo zilezile.

Mwanza hatuko kwenye hatari kubwa ya matetemeko, ila hatuko salama kabisa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa. Bukoba ndiyo iliyoumia, shule ya Ihungo ikafungwa na baadaye ikajengwa upya, na huku mtikisiko ulisikika. Mama mwenye nyumba anasema nyufa za mshazari kwenye nguzo mbili za nyuma ameziona tangu siku ile. Ziwe za siku ile au la, ufa wa mshazari kwenye nguzo fupi si wa kupaka rangi.

Aliuliza pia kama tukimaliza ataruhusiwa kupandisha ghorofa ya tatu. "Mwanangu injinia, mtu akifungwa mkanda si anabeba zaidi?" Nikamjibu hapana mama, mkanda huu ni wa kumzuia asivunjike akisukumwa, si wa kumtwisha. Hapana hiyo nimeiandika kwenye barua ya kazi, ili asije mtu mwingine akazitumia nyuzi zetu kama kibali cha kupandisha ukuta.

12 Juni. Hesabu, matangi, na fundi wa boti

Nyundo ya kupimia zege ilitoa namba za kuyumba, nikachukua nguvu ya zege kuwa megapaskali 15. Ikiwa na mzigo wa kilonyutoni 300 (kama tani 30) kichwani, nguzo hii inahimili kupinda kwa takriban kilonyutoni-mita 75 kila ncha. Jumlisha ncha mbili, gawa kwa urefu: nguzo ndefu itadaiwa mkato, yaani nguvu ya upande inayotaka kuikata, wa kilonyutoni 42, fupi 125. Zege na ringi kwa pamoja vinatoa kama 78. Ndefu itapinda kabla ya kukatika, na ndivyo tunavyotaka, kwa sababu nguzo inayopinda inatoa onyo. Fupi itakatika bila kupinda.

Tabaka moja la kitambaa cha kaboni cha gramu 300 kwa mita ya mraba (unene wa nyuzi zenyewe ni milimita 0.167) linaongeza kama kilonyutoni 76, mradi usihesabu nyuzi kuvutika zaidi ya asilimia 0.4 ya urefu wake. Kikomo hicho ni cha mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R. Nyuzi zinaweza kuvutika zaidi ya hapo bila kukatika, lakini ufa utakuwa umeshafunguka kiasi kwamba kokoto za pande zake mbili hazishikani tena, na mchango wa zege unapotea. Kwa hiyo 78 na 76 ni 154. Tia punguzo la usalama la 0.75, unabaki na 116. Haitoshi. Matabaka mawili yanafika 172. Tumeamua mawili kwa nguzo fupi, urefu wote. Kwa ndefu, tabaka moja kwenye milimita 600 za juu na 600 za chini, sehemu zitakakopinda, ili kubana zege na maungio ya nondo yasiteleze.

Anayetaka kunakili kazi hii asisahau kwamba nguzo ya mraba haibanwi vizuri kama ya duara. Kitambaa kinabana kwenye kona, katikati ya ubavu kinalegea. Faida kubwa hapa ni ya mkato, ubanaji ni nyongeza.

Kabla ya kununua hata mita moja ya kitambaa tumeshusha matangi. Juu ya paa yalikaa mawili ya lita 5,000, tani kumi za maji mahali pabaya kuliko pote, maana tetemeko linasukuma kwa kadiri ya uzito na uzito wa juu kabisa ndio unaoyumbisha zaidi. Jiwe la nyuma ya nyumba ni refu kuliko paa. Tumemwaga kibao cha zege juu yake, matangi yamehamia huko, maji yanashuka yenyewe. Shilingi 640,000, bomba zikiwemo. Katika mradi mzima sitarajii pesa nyingine itakayofanya kazi kama hiyo.

Ngosha, msimamizi wa mafundi wetu, alikuja na wazo: kwa nini tusitumie faiba ya boti, inayopatikana hapahapa mjini kwa bei nafuu? Akamleta fundi wa boti na mzigo wake. Swali ni la haki, tukalijaribu kwenye kipande cha zege. Mkeka wa boti una nyuzi fupi zilizotawanyika kila upande, wakati nguzo inataka nyuzi ndefu zinazoizunguka. Resini ya poliesta nayo haipatani na zege lenye unyevu: kipande kilipotoka kulowekwa kwenye ndoo, mkeka ulibanduka kwa ncha ya tindo bila kung'oa hata chembe ya zege. Hata kitambaa rasmi cha kioo, chenye nyuzi zilizonyooka, kina ukakamavu wa karibu theluthi moja ya kaboni, hivyo matabaka mawili yetu yangekuwa sita. Mkeka ulirudi mwaloni. Fundi wa boti nilimbakiza. Nilivyomwona anavyoshika rola, sikutaka aondoke.

26 Juni. Plasta, kona, na jiwe

Kubandua plasta ni kazi ya kawaida, sina la kusimulia. Zege lililokuwa chini yake ndilo lililotuchelewesha.

Tulikodi mashine ya kuvuta: unagundisha kisahani cha chuma cha milimita 50, unakivuta mpaka king'oke. Mwongozo unataka angalau megapaskali 1.4, na kinachong'oka kiwe zege lenyewe. Nguzo ya kwanza iling'oka kwa 0.9. Kwenye kisahani palibaki unga wa kijivu, ule utando wa saruji laini unaopanda juu zege linapomwagwa likiwa na maji mengi. Brashi ya waya haiuondoi, unaung'arisha tu ukadhani umesafisha. Tukaingia na grenda na diski ya almasi mpaka kokoto zikaonekana uso mzima. Vipimo vilivyofuata vilipita 1.4 vyote, na kisahani kikang'oka na vipande vya kokoto. Ukisaga ukaona kijivu kitupu bila kokoto, endelea kusaga.

Kona zina kisa chao. Kitambaa cha kaboni kikikunjwa kwenye kona kali kinakatika kabla ya kufanya kazi. Mwongozo unataka kona iviringwe kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 13. Sisi tulilenga 25. Kipimo chetu ni robo ya bomba la plastiki la kipenyo cha milimita 50, limepasuliwa kwa urefu. Unalibandika kwenye kona, pakipita mwanga unasaga tena. Tulipofika kama milimita 15 kwenye nguzo tatu, ringi zikatokeza. Zege la kufunika chuma lilikuwa jembamba hivyo. Tukapuliza dawa ya maabara inayogeuka waridi kwenye zege lenye uzima wa kulinda chuma, na kona zile hazikubadilika rangi: hewa ya ukaa imeshaingia mpaka kwenye ringi, na mbili zimeanza kutu.

Hapa si pa kufunika na kusonga mbele. Nyuzi za kaboni zinapitisha umeme. Zikigusana na chuma penye unyevu, chuma kinaliwa haraka zaidi, na kutu ikivimba inasukuma kitambaa kutoka ndani. Tulichimba nyuma ya ringi, tukasugua chuma, tukapaka kinga, tukajenga kona upya kwa mota ya ukarabati kwa kutumia bomba lilelile kama fomu. Nyufa za mshazari, zilizozidi milimita 0.3, tumezidunga epoksi.

Halafu jiwe. Nguzo moja ya nyuma ilikuwa na nafasi ya vidole vitatu tu kati yake na mwamba. Kuzungusha kitambaa hapo haiwezekani, na kukiacha upande mmoja wazi kunaua karibu faida yote, maana ncha isiyofungwa inabanduka mapema. Vijana wa kupasua mawe walitaka kuwasha moto wa matairi, njia yao ya siku zote. Nikakataa: moto unaopasua granaiti utapasua na nguzo. Wamelichonga kwa tindo na nyundo mpaka ikapatikana nafasi ya mkono na rola. Walinidai bei ya ubishi wangu, na walikuwa na haki.

Nyuma hukohuko maji ya mvua yanajikusanya kati ya jiwe na nguzo. Tulifunga karatasi ya nailoni usiku kucha juu ya zege, asubuhi ikawa na matone kwa ndani. Tumechimba mfereji juu ya jiwe kuyageuza maji, na kazi ya nguzo hizo imesogezwa mwisho zipate kukauka.

16 Julai. Ndoo iliyochemka

Tulianza kuvisha nguzo ndefu saa nane mchana, jua kali, epoksi ya sehemu nne za resini kwa moja ya kigumishi, kwa uzani. Vijana walichanganya kilo tano kwenye ndoo moja ili wasirudi rudi mizani. Kitambaa cha nguzo ya kwanza hakijaisha kupanda, ndoo ikaanza kutoa moshi, plastiki ikalainika, na ndani pakawa na jiwe la manjano. Shilingi 160,000.

Epoksi inajitengenezea joto inapokauka, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kutokea. Nyuzijoto kumi zikipanda, muda wa kuitumia unapungua kama nusu. Vipimo vilivyo kwenye kopo vimeandikwa kwa chumba baridi, si kwa Isamilo saa nane. Utaratibu wetu sasa: kilo moja moja, kwenye trei pana yenye kina kifupi, makopo yakae kivulini ndani ya beseni la maji (yamefungwa), na kila mchanganyiko upite mizani. Tumehamia usiku.

Vipande vya kitambaa tunavikata siku moja kabla, upana wa rola ni milimita 500, urefu mita 1.36: mzunguko wa nguzo na milimita 200 za kupishana. Kupishana ni kwa upande wa nyuzi tu. Kwa wima vipande vinakutana bila kupandana, kwa kuwa hakuna nguvu inayopita hapo. Mpishano wa tabaka la pili uwe ubavu mwingine. Na juu na chini ya nguzo tunaacha wazi milimita 30, ili nguzo ikipinda kitambaa kisigongane na slabu.

28 Julai. Wadudu

Jumamosi usiku tulikuwa na taa mbili kali kwenye nguzo fupi za upande wa magharibi. Mwezi ndio kwanza ulikuwa umeandama, na anayekaa kando ya ziwa hili anajua kinachofuata: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Hawaumi. Wanafuata taa. Tabaka la kwanza lilikuwa limelowa vizuri, linang'aa, tukageuka kuchukua kipande cha pili. Tuliporudi lilikuwa na manyoya. Mmoja mmoja unaweza kumtoa kwa ncha ya kisu, mamia hutoi. Ukiwabana chini ya tabaka la pili, kila mmoja ni kitundu cha hewa na uchafu usiogundika.

Ngosha alitaka tupige rola juu yao, wataloana na gundi kama vingine. Tulisimamisha kazi. Tabaka likaachwa likauke na wageni wake, siku iliyofuata likasagwa kwa msasa mpaka nguzo ikapoteza mng'ao wote, ikafutwa kwa asetoni, ndipo la pili likapanda. Dosari pekee ya kuchelewa hivyo ni kwamba matabaka hayaungani yenyewe kikemia, yanategemea mikwaruzo ya msasa, kwa hiyo msasa huo usifanywe kwa haraka.

Muda umebadilika tena: tunaanza saa moja asubuhi bila taa, tunaacha saa nne. Umande ulinitia wasiwasi, lakini slabu iko juu yetu na zege limebaki na joto zaidi ya nyuzi tatu juu ya kiwango cha umande kila tulipopima. Kwa tahadhari kila nguzo inafungwa chandarua mpaka gundi ishike. Majirani wanauliza kama nguzo nazo zinaogopa malaria.

Rola yote sasa iko mikononi mwa fundi wa boti. Anatumia ile ya chuma yenye mifereji, anaanzia katikati ya kitambaa, anasukuma kufuata nyuzi, hapigi kinyume hata mara moja. Vijana wetu walikuwa wakienda mbele na nyuma kama wanapaka rangi, na nyuzi zikajikunja mawimbi. Uzi wenye wimbi haubebi kitu mpaka wimbi linyooke, na wakati huo ufa umeshafunguka.

11 Agosti. Sarafu

Gundi imekauka kote. Ukaguzi ni wa sarafu ya shilingi 200: unagonga kila sentimita tano, sikio karibu. Palipogundika panajibu kwa sauti kavu na fupi, penye hewa panajibu kama debe. Mwongozo unavumilia pengo dogo kuliko milimita za mraba 1,300, mradi yasizidi kumi kwa mita moja ya mraba wala asilimia tano ya eneo lote. Kuanzia milimita za mraba 16,000 kwenda juu unakata na kuweka kiraka. Ya katikati yanaweza kudungwa resini.

Nguzo za mwisho, zilizoviringishwa na fundi wa boti, zina vitobo vya kuvumilika tu. Ya kwanza ya mchana ule wa ndoo ilikuwa na pengo refu kwenye kona. Tumekata, tumesaga, tumeweka kiraka chenye milimita 200 za kupishana kila upande wa nyuzi. Ile ya jirani na jiwe ina pengo la ukubwa wa kiganja nyuma, mahali mkono ulipofika kwa shida. Tumetoboa matundu mawili, tukadunga kwa sindano ya duka la dawa kwenye tundu la chini mpaka resini ikatokea la juu. Imegongwa tena, inajibu vizuri.

Vipande vya majaribio tulivyogundisha kwenye kila nguzo fupi vimevutwa na mashine. Vyote viling'oka na zege.

22 Agosti. Gharama, na jiko

Kitambaa, mita 70 za rola kwa 42,500: 2,975,000. Epoksi, praima na ya kuziba, pamoja na ndoo iliyochemka: 1,280,000. Kuandaa zege, yaani grenda, diski, mota, kudunga nyufa, kuchonga jiwe, mfereji na vibarua wake: 4,600,000. Mashine ya kuvuta: 350,000. Matangi: 640,000. Plasta ya kufunika: 420,000. Jumla 10,265,000, bila malipo yangu. Anayepigiwa bei kwa mita ya kitambaa peke yake aulize nani analipia kusaga.

Kabla ya plasta tulipaka koti jembamba la epoksi na kulinyunyizia mchanga mkavu, bila hivyo plasta inateleza kwenye kaboni. Plasta inaizuia miale ya jua, lakini moto ni habari nyingine. Epoksi ya aina hii inaanza kulainika kati ya nyuzijoto 60 na 82, na banda la chipsi lilikuwa na jiko la mkaa limeegemea nguzo ndefu ya pembeni kabisa. Mama aliona ni jambo dogo, hadi nilipomwambia aweke kiganja kwenye plasta saa moja jioni wateja wakiwa wamejaa. Aliondoa haraka. Jiko limehamia upande wa barabara, mita tatu kutoka nguzo yoyote, na sharti hilo limeingia kwenye mkataba wa mpangaji.

Imebaki kugonga upya nguzo tatu za nyuma baada ya vuli, kuona kama mfereji unafanya kazi. Kwenye kila moja tumeacha dirisha dogo lisilo na plasta, chini karibu na jiwe, ili sarafu ipate pa kugonga.